Kusikiliza Gitaa la Baritoni Likipigwa Peke Yake

Waheshimiwa wageni, ndugu wapenzi wa muziki,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsikiliza mpigaji wa jazi anayekaa peke yake na gitaa la baritoni, bila ngoma, bila besi na bila mpiga piano wa kumpokea. Nimeipokea kazi hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu huu ni muziki ambao wengi huusifu kwa jambo moja tu, kwamba unatuliza, kisha huuacha uendelee kulia chumbani huku wao wakishughulika na mambo mengine. Sina ugomvi na utulivu huo. Ninachodai ni kwamba chini yake kuna kazi kubwa ya kuchagua, na kwamba anayejua pa kulielekeza sikio atausikia uchaguzi huo ukifanyika noti baada ya noti: ipi iachwe ilie, ipi izimwe, na ipi isipigwe kabisa.

Gitaa hili nililolipakata lina nyuzi sita kama gitaa la kawaida, na aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi huenda asione tofauti yoyote. Tofauti imo kwenye urefu na unene wa nyuzi. Katika gitaa la kawaida, uzi una urefu wa takriban sentimita 65 kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja. Katika baritoni urefu huo huwa kati ya sentimita 68 na 76, kutegemea fundi. Nyuzi zake hulinganishwa chini zaidi, ama kuanzia noti ya B ama kuanzia noti ya A, na hili langu linaanzia A: yaani A, D, G, C, E, A, kutoka uzi mnene hadi uzi mwembamba. Uhusiano kati ya uzi na uzi ni ule ule wa gitaa la kawaida, kwa hiyo mkono wa kushoto haulazimiki kujifunza maumbo mapya. Kila umbo linaloufahamu linatoka na sauti nzito zaidi, na hapo ndipo matatizo, pamoja na raha yote, yanapoanzia.

Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 na kidogo kwa sekunde. Kuushusha hadi A kunamaanisha mitetemo hiyo ipungue mpaka theluthi mbili, yaani 55 kwa sekunde. Kama tungetaka kufika huko kwa kuurefusha uzi peke yake, bila kuongeza unene wala kupunguza mkazo, gitaa lingehitaji uzi wa sentimita 97 hivi, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeweza kuzifikia freti, vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo, za gitaa la namna hiyo kwa starehe. Ukiulegeza tu uzi wa kawaida, utapigapiga kwenye freti na sauti yake itayumba. Ukiunenepesha mno, unakuwa mgumu kama fimbo, na uzi mgumu hautoi sauti zake za juu mahali panapostahili: zinapanda kidogo, na noti inaanza kulia kama kengele iliyopasuka. Fundi wa baritoni kwa hiyo hutafuta suluhu ya kati, urefu kidogo na unene kidogo, na suluhu hiyo ndiyo inayolipa gitaa hili sauti yake ya kifuani, iliyo karibu na selo kuliko na gitaa tulilozoea. Uzi wake wa chini una sauti sawasawa na uzi wa A wa gitaa la besi. Uzi wake wa juu kabisa, ukipigwa wazi, una mitetemo 220, ambayo ni sauti ya kawaida ya mwanamume anayeimba.

Historia yake ya mwanzo haikuhusu sana jazi, na sitaikawilia. Kampuni ya Danelectro ya Marekani ilitoa baritoni za umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, na studio za muziki wa kantri zilizitumia kuisindikiza besi noti kwa noti ili isikike kwa ukali zaidi. Baritoni ya mbao isiyotumia umeme, inayopigwa na mtu mmoja kwa vidole, ilikuja kupata nafasi yake katika jazi baadaye sana.

Hata hivyo, hamu ya kupata sauti ya chini ilikuwapo katika jazi tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mpiga gitaa wa Marekani George Van Eps alitengenezewa gitaa la nyuzi saba na kampuni ya Epiphone, na uzi ule wa saba aliulinganisha kwenye A, sauti ile ile niliyoitaja sasa hivi. Van Eps alitaka kupiga gitaa kama piano ndogo ya mapajani, yenye besi yake, sauti zake za kati na melodi yake, vyote vikienda pamoja huku kila kimoja kikiwa na njia yake. Mtazameni lakini alivyofanya: aliongeza uzi wa chini akabaki na nyuzi zote za juu. Mpigaji wa baritoni hana anasa hiyo. Amepata shimo la chini kwa kuutoa mhanga mwanga wa juu, na kila anapofika kwenye kilele cha melodi inambidi aupande shingo mrefu ambao freti zake zimeachana kuliko alivyozoea. Mpiga gitaa Joe Pass, katika albamu yake ya Virtuoso iliyorekodiwa mwaka 1973, aliwaonyesha wasikilizaji kwamba gitaa moja linaweza kutembeza besi, kupachika kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na kumwaga mfululizo wa noti za haraka bila kumpa msikilizaji nafasi ya kuuliza bendi iko wapi. Mimi naipenda albamu hiyo kupita kiasi. Lakini ukiuhamishia ufundi huo kwenye baritoni jinsi ulivyo, unapata ukungu. Noti za haraka katika nyuzi hizi nene zinakanyagana, kwa sababu ya kwanza haijamaliza kufa na ya tatu imeshafika.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hiki nitakachokipiga ni kidogo mno. Nabonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene kabisa, napata C. Nabonyeza freti ya pili kwenye uzi wa D, napata E. Uzi wa G nauacha wazi. C, E, G: kordi ya kwanza ambayo kila mwanafunzi wa muziki hufundishwa, na mmesikia wenyewe ilivyotoka. Imevimba, inanguruma, na hata mwenye sikio zuri angepata shida kusema kama ni ya furaha au ya huzuni. Kosa si la gitaa. Sikio la binadamu, linapofika chini namna hiyo, halizitenganishi vizuri sauti zilizokaribiana. Zinagongana ndani ya sikio na kuzaa mtikisiko ambao haukuandikwa na mtunzi yeyote.

Sasa naondoa kidole kimoja. C inabaki palepale chini, G inabaki wazi, lakini ile E ya chini siipigi tena, na badala yake napiga uzi wa pili kutoka ule mwembamba kabisa, ambao nao ni E ukiwa wazi, oktava moja juu zaidi, yaani noti ile ile yenye mitetemo maradufu. Noti ni zile zile tatu. Nimezipanga upya tu, na kordi imefunguka. Besi imesimama peke yake, E inaimba juu yake, na katikati pana nafasi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningependa msikilizaji alitafute katika muziki huu. Nafasi mnayoisikia kati ya sauti ya chini na zile za juu mara nyingi hutajwa kuwa hulka ya mpigaji, eti ni mtu mpole, mtu wa kutafakari. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya hulka yake kuna sheria ya sikio, na mpigaji mzuri ni yule aliyeigeuza sheria hiyo ikawa mtindo wake wa kusema.

Jazi inalifanya jambo hili kuwa tamu zaidi, kwa sababu kordi za jazi hubeba noti nyingi, zikihesabiwa kutoka mzizi, yaani noti inayoipa kordi jina: ya saba, ya tisa, ya kumi na tatu. Katika bendi, mpiga besi hushika mzizi wa kordi na mpiga gitaa huwa huru kupiga noti mbili au tatu tu zinazoitambulisha, hasa ya tatu na ya saba. Anayepiga peke yake kwenye gitaa la kawaida aghalabu huwa na mzizi usio na uzito wa kutosha, kwa hiyo hulazimika kuurudia rudia ili tusisahau tuko wapi. Kwenye baritoni mzizi ukishapigwa mara moja kwa dhati, sikio linaukumbuka kwa muda mrefu. Mpigaji anaweza kuuacha kabisa kwa mizunguko miwili mitatu, akatembea na sauti mbili tu za kati, na sisi tukaendelea kuisikia sakafu ambayo haipo. Ukimsikiliza mtu anayejua kazi hii, jaribu kuhesabu ni mara ngapi anaugusa uzi wa chini kabisa katika dakika moja. Utashangaa ni mara chache kiasi gani.

Hili linanileta kwenye jambo ambalo naliona kuwa moyo wa mazungumzo haya, nalo ni kuzima. Uzi mnene wa chuma hulia kwa muda mrefu. Ukipiga A ya chini ukaiacha, itavuka kordi inayofuata, na pengine ya baada yake, na kama kordi hiyo haina undugu na A, utasikia uchafu. Kwa hiyo mpigaji ana kazi ya pili inayokwenda sambamba na ile ya kupiga, kazi ambayo haionekani: ubavu wa kidole gumba, ncha za vidole vya mkono wa kushoto, nyama ya kiganja, vyote vinazungukazunguka kunyamazisha. Wanafunzi wengi hujifunza kupiga kwa miaka kabla ya kujifunza kuzima. Msikilizaji anaweza kuipima kazi hiyo bila kujua lolote kuhusu vidole. Achague noti moja ya besi, aifuate, na aangalie inavyokoma. Je, imekufa yenyewe polepole? Je, imekatwa ghafla ili kutoa pumzi kabla ya sentensi mpya? Au imeachwa ivuke mpaka kwa makusudi, ili ile kordi mpya ije na doa la kordi iliyopita? Jibu hubadilika mara nyingi ndani ya wimbo mmoja, na kwa mpigaji aliyekomaa kila badiliko lina sababu. Mkiusikia mwisho wa noti kwa uzito ule ule mnaousikia mwanzo wake, mtakuwa mmeanza kuusikia muziki huu kama unavyopigwa.

Nisingeweza kuzungumza juu ya baritoni katika jazi bila kumtaja mpiga gitaa wa Marekani Pat Metheny, kwani ndiye aliyewafanya wasikilizaji wengi wajue kwamba gitaa hili lipo. Albamu yake ya One Quiet Night ilitoka mwaka 2003, na sehemu kubwa yake aliirekodi nyumbani kwake katika usiku mmoja wa Novemba 2001, akiwa na baritoni iliyotengenezwa na Linda Manzer, fundi wa Kanada. (Manzer ndiye aliyemtengenezea pia lile gitaa la nyuzi 42 liitwalo Pikasso, ukilitazama, unabaki kujiuliza mikono itoke wapi.) Jambo la kuzingatia katika albamu hiyo ni jinsi nyuzi zilivyolinganishwa. Katika studio za Nashville, mji wa muziki wa kantri huko Marekani, kulikuwa na desturi ya kuziondoa nyuzi nne nene za gitaa na kuweka nyembamba zinazolia oktava moja juu. Metheny, ambaye amesimulia kwamba alidokezewa jambo hilo na jirani yake alipokuwa kijana huko Missouri, alichukua nusu tu ya desturi hiyo: akazipandisha nyuzi mbili za kati, G na C, na nyingine akaziacha chini palepale.

Matokeo yake yanahitaji kuelezwa polepole. Ukipitisha kidole kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, sauti inaanza na A ya chini, inapanda hadi D, kisha inaruka ghafla juu sana kwenye G, inapanda tena hadi C, halafu, badala ya kuendelea kupanda, inashuka hadi E na kuishia kwenye A. Sauti ya juu kuliko zote imejificha katikati ya mkono. Nyuzi nne za juu, zikipangwa kwa sauti zake, ni E, G, A na C, zimebanana ndani ya nusu tu ya oktava na ushei, na G na A zimepakana kabisa. Kordi zilizobanana namna hiyo, ambazo mpiga piano huzipata kwa kuviweka vidole vyake karibu karibu, kwenye gitaa la kawaida hudai kunyoosha vidole hadi viume. Hapa zinakuja zenyewe. Na kati ya nyuzi hizo nne na zile mbili za besi limebaki pengo pana, linalozidi oktava nzima, ambamo hakuna uzi wowote unaolia wazi. Kumbukeni kordi niliyoipiga muda mfupi uliopita, iliyonilazimu kuhamisha noti moja ili kupata nafasi. Katika mpangilio huu nafasi hiyo imejengwa ndani ya gitaa lenyewe. Ndiyo maana msikilizaji asiyejua huapa kwamba anasikia watu wawili, mmoja akishika besi na mwingine akiwa na chombo kidogo cha juu.

Ningependekeza mtu aanze na wimbo wa Last Train Home, kwa kuwa upo pia katika rekodi ya bendi ya Metheny ya mwaka 1987. Katika rekodi ile ya bendi, ngoma zilizopigwa kwa brashi zinachapa mwendo wa treni tangu mwanzo hadi mwisho, na melodi inapigwa kwa sitari ya umeme, gitaa linaloiga mlio wa ala ya Kihindi, inayolia kwa mbali. Kwenye baritoni treni yote imeondolewa. Melodi ndiyo ile ile, lakini hakuna anayemtunzia mpigaji mwendo, kwa hiyo mwendo umo katika pumzi zake: anakawia kidogo kabla ya noti ya juu, anaharakisha kidogo inapomwagika kushuka, kisha analipa deni lake la muda pale besi inaporudi. Huu si mwendo uliolegea. Ukitikisa mguu taratibu, utaona kwamba mguu wako unakutana naye mahali muhimu, hata kama kati ya mahali hapo na pengine mliachana.

Wapo wanaouliza kama hii ni jazi kweli, na swali lao lina msingi. Albamu ya One Quiet Night ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2004 katika kundi la New Age, yaani muziki wa kutuliza na kutafakari, na ile iliyoifuata kwa mtindo huo huo, What's It All About ya mwaka 2011, yenye nyimbo za watu wengine, ikapata tuzo katika kundi hilo hilo mwaka 2012. Watoa tuzo walisikia utulivu, wakaweka kibandiko kwenye utulivu. Maoni yangu ni kwamba walisikiliza uso wa maji. Wimbo wa kawaida unapochukuliwa na kubadilishiwa kordi zake chini ya melodi isiyobadilika, mpigaji anapochelewesha kikomo ambacho sikio lilishakitegemea, anapobuni papo hapo njia ya kutoka kordi moja hadi nyingine akiongozwa na sauti za ndani, anafanya kazi ya jazi, awe amepiga kelele au amenong'ona. Nakubali, kwa upande mwingine, kwamba albamu nzima ya namna hii ina hatari yake. Nyimbo nyingi zinakwenda kwa mwendo unaokaribiana na zinakaa katika eneo moja la sauti, na baada ya nne au tano sikio linaanza kuzichanganya. Sioni ubaya wowote wa kusikiliza nyimbo mbili tu na kufunga. Kuisikiliza yote kwa mkupuo mmoja eti kwa heshima kunamchosha msikilizaji na kumpunja mpigaji.

Mwaka 2024 Metheny alitoa MoonDial, na hapo baritoni ya Manzer imefungwa nyuzi za nailoni badala ya chuma. Nailoni ilikuwa tatizo la muda mrefu kwa ulinganishaji ule wa ajabu, mpaka alipopata nyuzi kutoka kwa kampuni moja ya Argentina zilizoweza kuuhimili. Kwa somo letu la leo, tofauti kubwa iko katika jinsi noti zinavyokufa. Nailoni hufifia mapema. Kile ambacho kwenye chuma kingelazimu kuzimwa kwa kidole, hapa mara nyingi kinajizima chenyewe, na mpigaji anajikuta na tatizo la kinyume: ni namna gani atairefusha melodi ambayo haitaki kukaa. Sikilizeni anavyoijaza nafasi hiyo kwa sauti za kati, na mlinganishe na jinsi alivyoiacha tupu katika rekodi ya mwaka 2003.

Neno kuhusu vifaa, na nitakuwa nimemaliza. Spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 55 kwa sekunde. Bado mtaisikia A ya chini, kwa sababu spika hiyo inatoa sauti zake za juu, 110, 165, 220 na kuendelea, na ubongo unaikisia ile iliyokosekana. Kwa wimbo wa dansi huenda hilo likatosha. Kwa muziki huu halitoshi, maana kinachopotea ni uzito wa besi na, pamoja nao, ule mwisho wa noti nilioutetea muda wote huu. Hamwezi kusikia kilivyozimwa kile ambacho hakikutoka. Vipokea sauti vya kichwani vya wastani vinatosha, mradi sauti isipandishwe sana. Mikwaruzo ya vidole vikiteleza kwenye nyuzi zilizosokotwa mtaisikia pia, na kwenye baritoni ni mingi kuliko kwenye gitaa la kawaida. Msiihesabu kuwa dosari, kwani huwaambia mkono unaondoka wapi na unakwenda wapi.

Spika za ukumbi huu nimezijaribu mchana na zinafika chini vya kutosha. Tutasikiliza Last Train Home ya bendi, kisha ile ya baritoni, na baada ya hapo nitapokea maswali. Katika ile ya pili, naomba kila mmoja aifuate besi tu.